Maji Yaive Kwanza

Lita laki mbili na elfu kumi.
Nimezihesabu mwenyewe kwenye mita ya bomba,
siku tatu, usiku na mchana,
na ami Sleyum kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
anavuta tasbihi, kana kwamba maji nayo yana thawabu.

Hapa palikuwa ghala la tende.
Ukizigusa kuta mwezi wa Agosti zingali zinanata,
na nyuki hawajapata habari kwamba biashara imefungwa.
Nje, Ibra inaungua, nyuzi arubaini na saba.
Ndani kapaua upya, kafunga vipoza hewa,
kachimba shimo la kumeza lori na dereva wake,
kisha kanigeukia mimi, kwa kuwa kupima maji ndiyo kazi yangu:
"Haya, Thureya. Nitie nini?"

Nitie nini.
Swali likahamia nyumbani, likala nasi, likalala nasi.

Wajukuu wanataka papa.
Papa wa maji baridi hapatikani, nikawaambia.
Basi wa maji moto, wakasema.
Bi Zuweina anataka perege,
kitu chenye mnofu, kinachojua kilichokileta duniani:
"Samaki wa kutazamwa tu, huyo picha."
Ghalib kapiga simu kutoka Dubai. Anaye mtu.
Mtu anao koi wa Kijapani,
weupe wa maziwa, baka jekundu utosini,
riyali mia nne mmoja, na cheti chenye picha yake,
karatasi safi kuliko ile aliyoingilia babu.

Mimi nina kidaftari.
Koi akishakua, mpe lita elfu tatu, asigombane na mwenziwe.
Perege: tia wawili, mwaka ukigeuka wako mia mbili,
na mia mbili hawana adabu.
Kambare huishi popote, hula chochote, jirani pia.
Maji ya kisima chetu magumu, chokaa inaziba mdomo wa birika.
Chujio liwe kubwa kuliko tamaa.
(Hili la mwisho nimelipigia mstari.)

"Basi lini?"
Bado, ami. Maji mapya huua, hata yakiwa safi.
Yaache yaive, wiki sita.
Kuna vijidudu havionekani, sharti vitangulie,
vishike mawe, vizoee,
ndipo mgeni akija na uchafu wake
akute wa kumpokea.

Akanyamaza mpaka feni ikasikika.
"Sisi tulipofika, sabini na mbili,
hapana aliyetuivishia maji.
Tulitiwa tu."

Tangu hapo kila baada ya alasiri
yuko pale na kahawa yake, anatazama bwawa tupu.
Biju akaleta mawe ya wadi kwenye madebe ya rangi,
mawe na ukijani wake, na maji yake ya huko huko,
nikamwambia vizuri, hiyo ndiyo hamira.

Wiki ya nne nikaitwa usiku.
Ami kashika tochi, mkono unamtetemeka.
Ukutani, chini ya mstari wa maji,
kitu urefu wa ukucha, rangi ya tope,
kimejibandika kwa mdomo.
Halafu cha pili. Halafu kile cha tatu, kilichokuwa kivuli.
Wale wa kwenye falaji, wanaodonoa miguu ya wanaofua.
Hawana cheti. Hawakuulizwa, wala hawakuuliza.

Kikazi, ningewatoa.
Koi wa Ghalib wameshalipiwa nusu,
na koi hachagui kinachoingia kinywani.
Nikafungua kidaftari, nikaandika tarehe.
Ami kavua makubadhi, kakunja kanzu hadi magotini,
miguu yake ya miaka sabini na tisa ikazama, myeupe.

"Wanauma?"
"Wananionja."
Kisha: "Mwambie Ghalib..." na hakumaliza,
kwa sababu Bi Zuweina kasimama mlangoni na mwiko,
anauliza kama wanafika kilo.