Nukta

Kahawa imepoa. Makala niliyoletewa kuipima
haina jina la mwandishi, ndiyo desturi,
naye hapaswi kujua anapimwa na nani.
Lakini ukurasa wa tatu unanitaja:
"Pyo, katika kitabu chake cha kwanza, alikosea."

Nilikuwa na miaka ishirini na saba
nilipokifunua kile kitabu cha hesabu
katika stoo ya hekalu la Unhyang,
sakafu ya moto, vidole vya barafu,
mtawa Beopsan akinimenyea persimoni
na kuniuliza kama wasichana wa Jinju siku hizi hawaolewi.
Karatasi za ushuru wa mfalme, mafungu arobaini.
Chumvi. Mafuta ya taa. Kisha mstari mmoja:
"Mkubwa amekufa. Watawa wote walilia siku tatu."

Juu ya herufi ile palikuwa na nukta.
Niliiinamia kwa kioo, nikasema: mdudu.
Karatasi ya miaka mia tatu haikosi mlaji.

Juu ya huyo Mkubwa nikajenga nyumba.
Tasnifu. Miaka kumi na mmoja ya kufundisha kwa saa,
Jumatatu Masan, Jumatano Gwangju, Ijumaa Daegu,
nikisahihisha mitihani ndani ya basi,
wali uliofungwa kwa mwani mapajani.
Kisha ofisi yenye dirisha, kisha uprofesa,
kisha idara ya historia ikaozeshwa kwa Utalii
nami nikabaki na kabati.
Mkubwa nilimpa ukoo, mwalimu, wanafunzi watatu.
Nilibishana na marehemu Profesa Tak, mbele ya watu,
kuhusu mwaka aliozaliwa.
Na kwa kuwa hesabu zasema alizikwa
kwa kibaba kimoja tu cha mchele,
niliandika sura nzima, ya tano, kurasa arobaini na mbili,
kuhusu unyenyekevu.

Leo huyu mtoto, na kamera yake inayoona wino
pale jicho linapoona vumbi,
anasema nukta ni nukta. Iliwekwa kwa mkono.
Na herufi ya kubwa, ikitiwa nukta begani,
ni mbwa.

Mbwa amekufa. Watawa wote walilia siku tatu.
Kibaba kimoja cha mchele.

Nimecheka mpaka katibu akagonga mlango.
Kisha sikucheka.
Nimewaona: mikono imechanika kwa majivu na magome ya mforosadi,
kutwa wakiponda karatasi za mfalme asiyewataka mjini,
wamesimama thelujini kuzunguka shimo dogo.
Miaka thelathini na minne nimesimama nao
nikiangaza huku na huku, nikimtafuta mtu.

Fomu ina visanduku vinne. Nimetia alama cha kwanza:
"Ichapishwe bila marekebisho."
Penye nafasi ya maoni kwa mwandishi
nimeomba jambo moja tu, kamera yake
irudi kwenye mstari unaofuata,
kwenye doa nililolipita mbio nikiwa kijana.
Huenda ni jina lake.