Mbili Zangu

Lori ni la Mzee Ngalapa, kila tairi analijua kwa namba.
Pikipiki ni yangu.
Nimeifunga nyuma ya kabini kwa kamba ya katani na mpira wa tyubu,
imesimama kama mbuzi wa mahari.

"Chuma kinabeba chuma," ananicheka Mkude, utingo wangu.
Nacheka naye mpaka Kurasini.
Foleni ya bandari imeganda, siku ya pili sasa,
madereva wanafua soksi, wanasonga ugali chini ya matela,
na kwangu ni Kivule,
nyumba ninayoijenga kwa simu.

Tunaishusha watu watatu. Moja, mbili, haya!
Kiki ya kwanza inakohoa, ya pili inakubali.
Tairi ishirini na mbili zinabaki zimenuna;
mimi na mbili zangu
tunapenya Tazara, Banana, Kitunda,
matope yakitupanda hadi magotini.

Zamda anaujua mlio kabla ya taa.
Hasemi karibu. Anasema, "Maji yamekatika."
Basi nabeba tena mzigo:
madumu manne nyuma,
mtoto mbele, kashika usukani,
anakipigia honi kila kichaka.

Alfajiri Mkude anapiga: foleni imesogea.
Tunaipandisha. Ekzosi bado ya moto, inanilamba muundi.

Jioni, mizani ya Vigwaza. Askari ananyoosha kidole.
"Na hiyo ya nini?"
Nageuka kumwonyesha.
Kwenye keria, imebanwa na kamba,
kandambili moja ya bluu,
ya mguu wa kushoto, ndogo.

"Pita," anasema, kabla sijajibu.