Masikio ya Mfenesi

Vikombe ni vya mfenesi, ule ulioanguka
nyuma ya nyumba yetu Jadida, mwaka wa mvua nyingi.
Shaame mchonga milango kavifanyia kazi wiki tatu,
kavipiga msasa, kavipaka nta hadi vikawa rangi ya samli.
Kimoja kina jicho la mti, kingine hakina.
"Usinilaumu," alisema. "Hata hayo masikio yako si mapacha."

Nikadhani nimemaliza.
Kumbe mti ni mdomo tu. Bado mto wa kulazia sikio,
bado pumzi ya kuusemesha.

Nikaanza na mito.
Ya ngozi ya kondoo ilinishika kichwa kama mkono wa kinyozi.
Ngoma zikashuka kifuani, nzito, tamu,
lakini mwimbaji akawa yumo ndani ya gunia la karafuu:
namsikia, simwoni.
Na jasho! Wete hii, mwezi wa Februari,
dakika kumi tu ngozi inalia chwe, chwe.
Ya mahameli ikapitisha hewa, fidla zikafunguka
kama dirisha lililotiwa mafuta bawabani,
ila besi ikakonda, ikawa mgeni wa mlangoni
anayesema sikai, napita tu.

Nikamwendea Bi Mize wa Limbani, mshona kofia:
ngozi kwa nje, kitambaa upande wa shavu,
sponji nyembamba mbele, nene kisogoni,
na vitundu vya sindano ile ile ya kofia za vito.
Akanipima sikio kwa uzi, akacheka.
"Vichwa navijua. Sikio ndiyo leo."

Amplifaya zilikuwa mbili, zote za kuazima.
Ya Ngwali ni ya transista, kubwa yake mche wa sabuni,
haina huruma:
kila kosa la studio inalitaja kwa jina la baba yake.
Ya Mbarouk wa Chake ina taa nne za kioo,
huchelewa kuamka kama mtoto wa chuoni alfajiri,
lakini zikipata moto, sauti huja imevaa kanzu.
Taabu ni umeme. Unapita chini ya bahari kutoka Tanga,
ukifika kwetu umeshachoka;
jioni watu wakiwasha mafriji, taa zinafifia,
na ndani ya muziki paka aliyeshiba anakoroma.

Wiki mbili nikabadilisha. Mto huu na ile, mto ule na hii.
Mimi mwalimu wa hesabu; nikaweka alama daftarini.
Saba na nusu. Sita. Nane kasorobo.
Zuwena akipita na ungo wake:
"Wewe unasikiliza muziki au unausahihisha?"

Usiku mmoja nikamvika. Kwa shari, si kwa mapenzi.
Mito ya Bi Mize, taa za Mbarouk.
Akasimama, mchele nusu umepetwa.
Akanyamaza. Zuwena, kunyamaza!
Halafu kwa sauti kubwa, kama wasemavyo viziwi:
"Huyu mpiga udi ana mafua."
Nini?
"Anavuta puani kabla hajagusa nyuzi.
Na kiti chake kina mguu mfupi."

Miaka thelathini naujua wimbo ule.
Nikatazama daftari. Halikuwa na safu ya mafua.
Nikachomoa mbio, nikatia ya Ngwali. Na sasa?
"Sasa mafua yapo," akasema, "ila mtu kaondoka."

Nikarudisha taa. Hazijapata moto vizuri
umeme ukakatika Wete nzima.
Ndani ya kioo kulibaki wekundu kidogo, wa kaa la chetezo,
na yeye hakuvua.
"Ngoja," aliniambia gizani. "Bado anapumua."

Ngwali nimemrejeshea yake, na pakti ya halua juu.
Mbarouk bado hajataja bei; anaona raha kunisubirisha.
Ukurasa wa alama Zuwena kauchana,
kaufungia mbegu za pilipili.
Nami, baada ya sala ya isha,
napanga foleni ndani ya nyumba yangu.