Dakika Kumi za Jumapili

Kwanza ilikuja harufu.
Nikadhani ni jenereta la saluni ya jirani,
nikafunga dirisha, nikaendelea kuchambua mchele.
Ikapita chini ya mlango kama mtu wa nyumbani,
haikupiga hodi.

Mei imekwisha. Masika yamefunga virago,
Chang'ombe nzima inaanika magodoro.
Jana nilivua turubai kwenye Pijo ya baba,
404, nyeupe ya maziwa yaliyolala,
nikafukuza panya na wanawe kiti cha nyuma,
nikamimina lita tano za petroli mbichi
kwenye koo lililokauka tangu msiba.
Nikalala nikijiona mtoto mwema.

Asubuhi, chini ya injini, doa.
Tone.
Kimya.
Tone.
Likigusa saruji linatanuka,
lina rangi za shingo ya njiwa.
Na hatua sita kutoka hapo Bi Mwanaheri
ameshapuliza jiko, vitumbua vinageuzwa.
"Zima moto! Bi Mwanaheri, zima!"
Akanitazama, kijiti mkononi:
"Nizime riziki kwa ajili ya gari la marehemu?"
Kisha pua yake ikamjibu.
Jiko likabebwa na watu wawili mpaka barabarani,
vitumbua vikaungua upande mmoja,
nikavilipia vyote, kumi na vinane.

Saa nne akaja fundi Ngwali kutoka Gerezani
(ule mtaa, si kifungo),
na kiroba cha klipu na mipira, na maneno ya kubana matumizi.
Akalala chali juu ya boksi la friji.
Nikabaki naongea na soksi zake, moja ya kijani, moja sijui.
"Mpira huu," sauti ikatoka uvunguni,
"haukuchakaa kwa kazi. Umekufa kwa kukaa."
Akaukunja, ukavunjika kama kaukau.
"Na gasketi ya kabureta imesinyaa.
Vitu hivi vinataka kulowa, dada.
Nani alikuwa anaiwasha?"

Nani alikuwa anaiwasha.

Kila Jumapili, baada ya chai,
baba, karani mstaafu wa stoo ya Reli,
alivaa shati la mikono mirefu, akafunga vifungo mpaka shingoni,
akaingia garini, akavuta choki,
akaiacha ingurume dakika kumi,
mikono kwenye usukani, geti limefungwa.
Mwanzoni tulicheka. Baadaye tukaitisha kikao.
Kaka yangu Zuberi akapiga hesabu ya petroli kwenye simu,
ya mwezi, ya mwaka, akatuonyesha kioo.
Tukasema akili ya mzee imeanza kuvuja.
Ndilo neno tulilotumia: kuvuja.
Ufunguo niliuchukua mimi,
nikauzika kwenye kopo la maziwa ya unga.

Aliutafuta miezi miwili. Hakuniuliza.
Jumapili akivaa lile shati,
akisimama kando ya boneti,
akiipapasa kama unavyopima homa ya mtoto.

Laiti angesema: "Ni mpira, mwanangu. Usikauke."
Labda alisema.
Labda ni siku ile nakaanga samaki
nikaitikia ndiyo, baba, ndiyo,
bila kugeuka.

Ngwali akakaza klipu ya mwisho,
akapitisha kidole chini ya kabureta, akakinusa,
akakiinua nikione: kikavu.
"Washa."

Ikakohoa. Ikatema moshi wa buluu
kwenye mashuka ya watu, ikazima.
Ikakohoa tena.
Ikashika.

"Haya, mnakwenda wapi?" Bi Mwanaheri, kutoka barabarani,
kijiti kile kile mkononi.
Nikatazama saa ya dashibodi,
iliyokufa saa tatu kasorobo tangu nikiwa darasa la nne.
"Hatuendi," nikamwambia.

Nikaweka mikono kwenye usukani.
Nikaanza kuhesabu dakika.
Ilikuwa Jumatano.