Glavu za Genovaitė

Barua ilikuja Septemba, fupi, yenye adabu:
kuanzia mwaka mpya hakuna vipuri,
hakuna fundi wa kuitwa, hakuna programu dhibiti.
Mashine yenu, ilisema, imefika mwisho wa huduma.
Niliisoma mara mbili, nikashuka ghorofa ya chini kuitazama.
Ilikuwa inafanya kazi.
Haikujua kusoma.

Miaka tisa imebeba kiwanda chetu cha viti na meza
hapa Klaipėda: kila ubao ulioingia, kila mshahara,
kila kiti kilichorudishwa kwa sababu ya mguu mmoja mfupi.
Diski arobaini na nane, safu nne,
na ile ya kumi na saba, iliyobadilishwa mara tatu,
kama jino lisilokubaliwa na ufizi.

Bwana Rimvydas wa fedha aliuliza:
"Kama haijafa, mbona tunaizika?"
Nikamkumbusha habari za ufa na ukuta.
Akataka bei ya ufa na bei ya ukuta,
kwa yuro, bila kodi, kufikia Ijumaa.
Alipoiona ya pili, akatia sahihi ya kwanza.

Mgeni aliwasili Januari, nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.
Tulimwacha sandukuni siku nzima,
kwani chuma kitokacho baridini hutoa jasho kikifika ndani,
na jasho lile ni kifo.
Kimo chake viganja viwili. Mwenyeji alijaza kabati zima.
Ugnius, kijana wa mafunzo, alimbeba peke yake
akacheka: "Ndiye huyu?"
Ndiye huyu.

Jumamosi usiku tukaanza kuhamisha.
Asilimia nne.
Tisa.
Saa saba usiku, sitini na mbili,
hapo ikagota.
Dakika kumi na moja Ugnius hakutafuna mkate uliokuwa kinywani.
Ilikuwa diski ya kumi na saba, nani mwingine,
ikisoma mahali pale pale, tena, na tena,
kama mtu atafutaye miwani iliyo usoni pake.
Nakala rudufu ninayo, nilijiambia. Ninazo mbili.
Moyo haukuwa na habari na nakala.
Sitini na tatu.
Ugnius akameza.

Genovaitė hupiga deki kuanzia saa kumi na moja alfajiri,
hata Jumapili.
Kinyume cha kanuni nilizoziandika mwenyewe
hutundika glavu zake mbichi nyuma ya kabati,
pale feni zinapotema hewa ya moto;
akimaliza korido tatu huzikuta zimekauka.
Siku ile alizitundika nyuma ya mgeni.
Alirudi, akazigusa. Akazikamua kidogo.
Kisha akaweka kiganja mgongoni mwa mashine
kama apimaye paji la mtoto.
"Huyu hana homa," alisema. "Hongereni."
Akazivaa vile vile, mbichi, akaenda zake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mwenyeji gani?

Jumatatu hakuna aliyepiga simu.
Hiyo ndiyo nishani yetu: simu isiyolia.
Ripoti iliyozoea kuchukua dakika arobaini
ilitoka kabla Rimvydas hajakoroga sukari;
akadhani imekosea, akaiomba upya.

Wiki nzima Ugnius alitoboa diski kwa keekee,
arobaini na saba.
Ya kumi na saba aliniachia mimi.
Sikusema neno la kuaga. Keekee ina kelele.

Jioni nikajaza fomu ya manunuzi:
kikaushio cha glavu, cha umeme, kimoja,
yuro thelathini na nne, kiwekwe koridoni.
Mahali pa *sababu* nilikaa muda,
nikaandika: ulinganifu na mfumo wa zamani.

Rimvydas aliisoma mara mbili,
akanitazama juu ya miwani,
akatia sahihi.