Majivu ya Vyumba Kumi na Tisa

Saa kumi alfajiri, ukungu ukiwa haujaamua
kama ni wingu au ni mvua,
mama alikuwa keshafika mlango wa nyuma.
Kapu la kuni za msonobari mgongoni,
ukanda wake umembana paji la uso.

Nyumba ile waliijenga watu wa ng'ambo
waliolikimbia joto la bondeni kama mtu anavyokimbia deni.
Paa jekundu, mawe ya kwetu, madirisha yote yakitazama kusini
kana kwamba bahari yao ipo nyuma ya mlima wa pili.
Vyumba kumi na tisa, meko kumi na tisa.
Gavana mmoja, tena wiki sita kwa mwaka.

"Sasa ulikuwa unamwashia nani?" nilimuuliza.
"Piano," alisema,
wala hakucheka.
Ilikuwa amri, imeandikwa, imepigwa muhuri:
mwezi wa sita hadi wa tisa, mvua isipokatika,
moto usizimike chumba cha piano,
mbao zisije zikavimba.
Sisi watoto wanne tulilala blanketi moja,
miguu ikigombana katikati,
na maili mbili juu yetu piano ikiota moto.
Iliuzwa, sijui mwaka gani.
Amri haikufutwa.

Jina lake Skhemlin. Katika daftari la mishahara
aliandikwa *Mwanamke wa Moto, Na. 2.*
Sijui wa kwanza alikuwa nani.

Siku bendera iliposhuka na nyingine ikapanda
alikuwa amepiga magoti chumba cha kumi na moja.
Alisikia makofi, akadhani mvua imerudi.
Jioni wakaishusha picha ya yule mzee wa masharubu;
ukutani pakabaki doa jeupe, refu kama mlango.
Magavana wamekuja, mmoja baada ya mwingine,
kila mmoja na picha yake,
na hakuna picha iliyotosha kulifunika doa.
Daima pembeni huchungulia ukingo mweupe,
kama shimizi chini ya gauni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu.
Sisi tulipona kikohozi, basi.

Kwetu kitindamimba wa kike ndiye hurithi nyumba:
nyumba, na mifupa ya ukoo,
na wajomba wasio na kazi.
Kitindamimba ni mimi.
Ile nyumba kubwa haina wa kuirithi.
Kila anayelala humo hulala na sanduku chini ya kitanda;
ina funguo mia na haina mwenyewe.

Mama aliponiachia kazi alinipa kwanza popoo na tambuu,
maana jambo zito halisemwi kinywa kitupu.
"Makaa ni yao," alisema, "yamehesabiwa.
Majivu hayajahesabiwa."
Miaka thelathini na mmoja alitoka na majivu,
debe kwa debe, mbele ya askari mwenye bunduki,
akayamwaga kwenye mteremko wetu mwekundu
ambako hata magugu yaliota kwa kuomba ruhusa.
Ndipo viazi vyetu vikaanza kunenepa.

Juzi gavana wa sasa, mtu mpole, wa bondeni, anayekohoa,
aliwaalika wageni. Bah Lambok mpishi
alikuwa amenunua viazi kwangu, gunia zima.
Nilikuwa nimeinama mekoni, mgongo kwa meza,
nikamsikia akisifu.
Udongo wa milima hii, alisema, ni wa ajabu.
Hauhitaji chochote.

Nikalipuliza kaa la mwisho, nikalifunika.
Nikachukua debe langu.
Bado lilikuwa la moto, nikalibeba kwa upande wa gauni.