Jicho Nimeleta, Mnauliza Ini

Nimetoka Ipole na basi la alfajiri,
ukungu ukiwa ndani ya jicho, si njiani.
Mwaka wa tatu huu nachuja asali kwa ulimi,
nta naitambua kwa vidole.

Tabora, wodi ya macho. Tuko kumi na wanane kwenye benchi,
kila mtu na alama ya kalamu juu ya jicho lake bovu.
Sista Editruda akanifunga mpira mkononi.
"Mama, damu kidogo. Tunapima ini."
Mwanangu, nikamwambia, jicho nimeleta, mnauliza ini?
Benchi zima likacheka.

Yeye akadondosha tone kwenye kijikaratasi,
akavua saa yake, akailaza mezani.
Mstari mmoja ni heri.
Wangu ukazaa wa pili, mwembamba
kama uzi wa asali unaokataa kukatika.

Homa ya ini, akasema,
kwa sauti ya mtu anayefunga mlango watoto wamelala.
Kukatwa maini nilidhani ni msemo tu.

Sikulia. Nilihesabu.
Wembe mmoja wa mganga, sisi ndugu saba,
tumepanga foleni kama bombani,
tuchanjwe chale tusidhurike.
Au ni mwaka ule nilipoongezewa damu Sikonge?
Au marehemu?
Nikaacha kuhesabu. Nikaanza kufunga kanga yangu niondoke.

"Unakwenda wapi? Utapasuliwa," akasema,
"ila utakuwa wa mwisho."

Wa mwisho, basi. Saa kumi jioni,
koleo zikigonga sinia,
daktari akavaa glavu juu ya glavu,
na mkono wake haukunishika kama kaa la moto.

Leo bandeji imebanduliwa.
Wenzangu wanahesabu vidole vya daktari: viwili, vinne.
Mimi namwita Kalunde, kitinda mimba wangu,
aliyenishika mkono tangu stendi.
Inama. Tazama juu.
Naukagua weupe wa macho yake, pembe hadi pembe,
kama nilivyokuwa nikiinulia chupa ya asali juani.
Natafuta manjano.

Hakuna. Kamshipa kamoja kekundu, ka kukosa usingizi.

"Mama, unaniona?"

Nakuona.
Lakini Sista keshasema ini halina dirisha;
jicho huwa jeupe, na damu ina lake moyoni.
Kunja mkono wa blauzi, Kalunde.
Benchi lile pale.
Safari hii nakuongoza mimi.